Sheria Isiyojua Kupeana

Watu wengi wakitaka kuilalamikia Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326 ya Sheria za Kenya, wanaruka moja kwa moja hadi kwenye adhabu: faini ya hadi shilingi milioni 1, kifungo cha hadi miaka 2, ama vyote viwili. Naelewa. Hiyo ndiyo hutengeneza kichwa cha habari. Lakini mimi husoma sheria vile watu wengine husoma riwaya, polepole na kwa kushuku, na naomba tuanze mahali ambapo hakuna drama yoyote, pale mwanzoni ambapo maneno yanapewa maana zake. Kazi chafu yote ya sheria hii inafanyika hapo, na inafanywa na kitenzi kimoja.

Kitenzi chenyewe ni kuuza. Kwa maana ya sheria hii, kuuza ni pamoja na kubadilishana kitu kwa kitu, na hata kukiweka kitu mahali kionekane kwamba kinauzwa. Rudia kusoma hapo. Mama wa Shinyalu anampa jirani gorogoro ya maharagwe ya kupanda. Msimu ujao jirani anamletea gorogoro ya mtama. Kwa macho ya sheria hapo kumefanyika biashara, na kama mbegu hiyo haikusajiliwa wala kuthibitishwa, basi ni biashara haramu. Hakuna senti iliyobadilisha mkono. Hakuna aliyetaja bei. Lakini mwandishi wa sheria alikuwa na kitenzi kimoja tu mfukoni, na kila mkono ulioonekana ukimpokeza mwenzake mbegu ukaitwa mkono wa muuzaji.

Sasa hebu tuhesabu vitenzi vilivyomezwa. Kwetu Kakamega, mvua ndefu zikikaribia, mbegu hutembea kwa njia nyingi. Kuna kuomba, na kuomba mbegu hakuna aibu hata kwa mtu ambaye hawezi kabisa kuomba unga. Kuna kukopa, ambapo unarudisha baada ya kuvuna, na adabu inataka urudishe zaidi kidogo ya ulichochukua. Kuna kuonjesha: unapewa konzi moja ujaribu kwenye udongo wako, kwa sababu udongo wa Lurambi si udongo wa Ikolomani, na hakuna anayetaka kulaumiwa shamba zima likikataa. Kuna binti anaolewa Mumias anaondoka na mbegu za mamake zimefungwa kwenye kipande cha leso. Halafu kuna kutunzia, na hii ndiyo nataka tukae nayo.

Kutunzia ni hivi. Senje wangu, dadake baba, analima kaploti kadogo karibu na Khayega. Ana aina ya kunde za majani, likhubi, ambazo amekuwa nazo tangu aolewe. Kila mwaka huwapa majirani wawili, na hachagui majirani wa karibu. Mmoja yuko ng'ambo ya mto. Nilipomuuliza kwa nini asiweke tu zote kwa mtungi wake, alinitazama vile mtu hutazama msomi wa Masinde Muliro anayeuliza maji yanatoka wapi. "Panya wakija kwangu, hawatafika kwake siku hiyo hiyo," alisema. Yaani kumpa jirani ni njia yake ya kuhifadhi. Jirani ndiye ghala la pili. Mvua ya mawe ikipiga huku, kule imebaki. Mtoto akipika mbegu kwa makosa (hutokea, na kilio chake si kidogo), kuna mahali pa kurudi. Mbegu iliyokaa kwa mtu mmoja iko hatarini, na kila mtu anayelima kwa mkono anajua hivyo.

Ndiyo maana naona tatizo la sheria hii ni la kimaandishi kabla hata halijawa la kisiasa. Mwandishi hakujua anaandika kuhusu nini. Alifikiri kuhifadhi na kupeana ni mambo mawili, moja la kuruhusiwa na lingine la kudhibitiwa: mkulima ajiwekee zake, asigawe. Kwa mtu wa Khayega, hilo ni kama kumwambia ahifadhi moto bila kuruhusu mtu yeyote auazime.

Sheria yenyewe ni ya 1972, na ilifanyiwa marekebisho makubwa 2012. Tarehe hiyo ya pili inauma, kwa sababu miaka 2 tu kabla yake tulikuwa tumepitisha Katiba ya 2010, na ndani ya Katiba hiyo kuna kifungu ambacho vijana wachache wamewahi kukisoma: kifungu cha 11, kile cha utamaduni. Kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili na aina za mimea, sifa zake mbalimbali, na matumizi yake na jamii za Kenya. Angalia mahali kilipowekwa. Mbegu zimewekwa kwenye kifungu cha utamaduni, jirani na fasihi, sanaa na sherehe za jadi. Waliopanga Katiba waliona kwamba mbegu ni kitu ambacho watu wamekitengeneza kwa pamoja, kama wimbo wa isukuti ambao hauna mtunzi mmoja wa kumlipa mrabaha. Halafu 2012 Bunge likashika kalamu, likaandika kana kwamba mbegu ni bidhaa iliyoanguka kutoka kiwandani.

Ukizisoma hizi mbili bega kwa bega, linganisha wahusika wao. Kwenye Katiba mhusika mkuu ni jamii. Kwenye Sura ya 326 mhusika mkuu ni mgunduzi wa aina mpya, na anapewa kila kitu ambacho mhusika mkuu hustahili: jina, haki, muda wa haki, njia ya kulalamika akiibiwa. Mkulima mdogo anajitokeza mara nyingi zaidi kama mtu anayeweza kukosa. Ni mhusika wa kando ambaye tunamwona tu akikamatwa. Na kuna mkaguzi, ambaye amepewa nguvu za kuingia, kupekua na kubeba. Kama ingekuwa hadithi fupi imetumwa kwa jarida hili, mhariri angeandika pembeni: huyu mama ana maisha gani nje ya kosa lake?

Wakulima 15 walienda kuuliza swali hilo mahakamani. Kesi yao ilifunguliwa 2022, na tarehe 27 Novemba 2025 Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu ya Machakos akatangaza kwamba vipengele vilivyofanya kupeana, kubadilishana na kuuza mbegu hizo kuwa kosa vinakiuka Katiba, pamoja na nguvu zile za wakaguzi za kuvamia ghala za mbegu na kuzibeba. Siku hiyo simu yangu ilijaa video za watu wakiimba nje ya mahakama. Nilifurahi pia. Lakini hukumu hufuta. Kuandika ni kazi ya mwingine. Ile nafasi ya kitenzi kilichofutwa sasa iko wazi, na mtu atakuja kuijaza. Nani, na kwa maneno gani?

Kabla ya hapo, kuna jambo lingine ndani ya sheria hizi ambalo limenivutia kuliko adhabu, na ni ladha yake. Ndiyo, sheria ina ladha, kama mhariri alivyo na ladha. Ili aina ya mmea ipewe ulinzi wa mgunduzi, lazima iwe mpya, iwe tofauti na zinazojulikana, mimea yake ifanane, na ibaki vilevile kizazi hata kizazi. Vigezo hivi vinatoka UPOV, ule muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea ambao Kenya ilijiunga nao 1999. Vinasomeka kama mambo ya maabara, lakini ni nadharia ya uzuri. Zinasema kizuri ni kile kinachofanana na chenyewe kila mahali.

Haibridi inatimiza ladha hiyo vizuri sana, angalau kwa msimu mmoja. Inatokana na kukutanisha wazazi waliochaguliwa na kutengwa kwa makini, na ikipandwa inasimama kama gwaride: kimo kimoja, siku moja ya kuchanua, gunzi moja baada ya jingine. Ukirudisha punje zake shambani mwaka unaofuata, gwaride linavunjika. Mmoja mrefu, mwingine kibeti, mavuno yameshuka, na inabidi urudi kwa agroveti. Mbegu zinazochavushwa huria, zile ambazo nitaziita mbegu za kurudiwa, zina tabia nyingine. Ukichagua vizuri na kupanda tena, unapata watoto wanaoeleweka ni wa ukoo gani, ingawa si pacha. Ndani ya shamba moja kuna wanaowahi na wanaochelewa, wenye gunzi la njano na wenye punje mbili tatu za zambarau. Mbele ya kigezo cha kufanana, huo ni uchafu. Kwa mtu ambaye mvua yake inaweza kukatika wiki ya sita, waliowahi watamlisha na waliochelewa watamsubiri mvua irudi. Tofauti ile ndiyo akiba yenyewe.

(Na tukisema akiba: methali inasema akiba haiozi. Aliyeitunga hakuwahi kufungua chupa ya mbegu za mrenda iliyofungwa kabla hazijakauka.)

Hata hivyo sitaki kuandika makala ambayo haibridi ni shetani. Watu wa Kakamega wanaipenda 614 kwa sababu iliwapa magunia, na magunia yalilipa karo, pengine hata karo ya mtu anayesoma makala hii akiwa Roysambu na oat milk mkononi. Wasomaji wa mjini tuna tabia ya kupenda umaskini wa wenzetu ukiwa umepangwa vizuri kwenye picha. Lakini hadithi ya haibridi zetu ina kipande ambacho huachwa. Haibridi ya kwanza kubwa ya nyanda za juu, H611, ilitolewa Kitale mwaka 1964. Mzazi mmoja alikuwa mahindi yaliyoboreshwa hapo hapo Kitale. Mzazi wa pili aliitwa Ecuador 573, mahindi ya kawaida ya wakulima yaliyokusanywa huko Amerika ya Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuletwa huku kwa utafiti. Hayakuwa yameboreshwa na kampuni yoyote. Yalikuwa mahindi ya mtu, kutoka kwa shamba la mtu, pengine yaliyokaushwa juu ya jiko la mtu.

Nalirudia jina hilo kichwani: Ecuador 573. Nchi, na namba. Yule mkulima aliyetoa gunzi hilo hakuingia kwenye jina. Kampuni, viwanda vya unga, ugali wa shule za bweni za nchi nzima, vyote vina deni kwa mkono uliopeana mbegu bila karatasi. Kama kitenzi cha Sura ya 326 kingetumika siku ile kwenye mlima ule, historia ya kilimo chetu ingeanza na kosa la jinai.

Sasa upande wa pili, kwa sababu ukosoaji wa upande mmoja ni tangazo. Wanaharakati wa mbegu wana maandishi yao pia, mabango na mitandao na filamu fupi za dakika nne zenye ngoma nyuma, na maandishi hayo yana uvivu wake. Neno lao pendwa ni "mbegu za mababu". Mababu wapi? Nani aliwahi kumwona guka akichambua mbegu za saga? Kazi hiyo ilikuwa na bado ni ya kukhu, mama na senje, na ilifanywa jikoni, mahali ambapo guka alipita tu kuuliza chakula kiko wapi. Halafu wanachanganya mbegu za kiasili na mbegu za kurudiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Mahindi ni mgeni. Kabla yake obusuma ilikuwa ya wimbi na mtama. Maharagwe ya kawaida yalitoka Amerika vilevile. Sukuma wiki ni mgeni, na huku Magharibi watu wengi hawaipandi kwa mbegu hata kidogo. Hukata machipukizi ya mmea mzee na kuyachomeka ardhini, kwa kuwa sukuma haitoi maua kirahisi bila baridi ya kutosha. Sasa hiyo utaiweka kundi gani? Inarudiwa, inapeanwa, inalisha watu, na haina ubabu wowote. Ninachotaka kulinda ni ile hali ya kuweza kurudia na kupeana. Asili ni hadithi nyingine, nzuri, lakini nyingine.

Na pia hawapendi kutaja ugonjwa. Mwaka 2011 ugonjwa wa kuua mahindi, ule wa majani kunyauka kuanzia kingo hadi shamba zima linakuwa makapi, ulionekana Bomet kwa mara ya kwanza hapa Kenya, kisha ukasambaa. Mbegu ni mojawapo ya njia zake za kusafiri. Vilevile kuna wezi wanaochukua mahindi ya kula, wanayapaka rangi, wanayafunga kwenye pakiti inayofanana na ya kampuni. Taasisi ya ukaguzi, KEPHIS, ilileta vibandiko: unakwangua, unatuma namba kwa 1393, unajibiwa kama pakiti ni halali. Nakipenda kibandiko hicho kama andiko. Ni fupi, linajua msomaji wake, linajibu swali moja. Mtu akinunua kutoka kwa asiyemjua, anahitaji kitu cha kusimama badala ya kujuana, na kibandiko kinasimama. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kila mbegu inatoka kwa mtu asiyejulikana. Senje wangu hahitaji kukwanguliwa. Akikupa mbegu mbaya, utamkuta kwa mazishi Jumamosi na utamwambia mbele ya watu.

Jirani zetu wa Tanzania wana daraja linaloitwa mbegu za kuazimiwa ubora: mkulima aliyesajiliwa anazalisha, anakaguliwa kwa kiwango chepesi, anawauzia watu wa eneo lake. Halijatatua kila kitu, na bado linazungumzia kuuza, lakini angalau linakubali kwamba kati ya kiwanda na jinai kuna watu wengi wanaishi.

Turudi jikoni, kwa sababu huko ndiko kuna fasihi nzito, na hapa sitaenda haraka.

Kuhifadhi mbegu ni kusoma. Maharagwe ni maandishi rahisi. Yanajichavusha yenyewe, kwa hiyo hata mtu wa ploti ya futi kumi anaweza kuyaweka miaka na yakabaki yalivyo. Chagua mimea yenye afya, acha ikaukie shambani, pura, chambua zilizotobolewa. Mahindi ni maandishi magumu. Chavua yake hubebwa na upepo, na haina haya. Shamba la jirani lenye haibridi likiwa mita chache tu kutoka lako, watoto wako watakuwa wa wote wawili. Unahitaji umbali, mita 200 hivi au zaidi, ama upande mapema au uchelewe ili maua yasikutane. Unahitaji mimea mingi, kwa sababu ukichagua magunzi matano mazuri mwaka baada ya mwaka, ukoo unadhoofika. Unachagua mimea ikiwa bado imesimama, katikati ya shamba, mbali na ukingo. Ukichagua kwenye rundo baada ya kuvuna unaona gunzi tu, huoni shina lililolala wala jirani aliyelikopesha mbolea. Halafu unatumia punje za katikati ya gunzi, zinazolingana ukubwa.

Mboga nazo kila moja ina lugha yake. Maganda ya saga yakikauka hupasuka na kumwaga kila kitu, kwa hiyo unavuna yakianza kugeuka njano, unakaushia juu ya gazeti. Na mbegu hiyo ukiipanda mwezi huo huo, haitaota. Inalala miezi kadhaa kwanza, na watu wengi wamesema mbegu ni mbovu kumbe ina usingizi. Mrenda una ganda gumu la mbegu, unamwagiwa maji ya moto kwa sekunde chache kuamshwa. Lisutsa, ile managu, unaiponda tunda lililoiva, unaosha utelezi, unaanika kivulini. Kisha majivu, kisha kibuyu ama chupa ya soda iliyokaushwa vizuri, kisha juu ya jiko ambapo moshi unafukuza wadudu.

Hakuna hata moja ya haya iliyoandikwa kwenye punje. Benki ya taifa ya vinasaba vya mimea iko Muguga tangu 1988, na inafanya kazi kubwa ya kuweka mbegu kwenye baridi kali kwa miaka mingi. Siku moja tutaihitaji vibaya. Lakini friji linahifadhi punje na lebo. Halihifadhi habari kwamba saga inalala. Halihifadhi kwamba likhubi hupikwa na musherekha, ile chumvi ya majivu, na kwamba mtu ambaye hajui kulainisha likhubi hataipanda mara ya pili. Mbegu ikipeanwa mkono kwa mkono, maelezo huja nayo, kwa mdomo, mara nyingi pamoja na matusi madogo kuhusu vile ulivyopanda mwaka jana. Benki za mbegu za vijijini, kama zile ambazo Seed Savers Network ya Gilgil imekuwa ikisaidia kuanzisha tangu ilipoundwa 2009, ziko mahali fulani katikati: kuna chupa na lebo, lakini pia kuna mama ameketi hapo, unaweza kumuuliza.

Kizazi changu kilifundishwa kusoma vibaya. Kwenye somo la kilimo sekondari tulikariri orodha ya magugu, na ndani yake alikuwemo mchicha wa porini, jamaa wa karibu wa dodo tuliyokula jioni. Tulipata alama kwa kuita mboga gugu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtoto wa Magharibi aliyefanya utafiti wa mboga hizi kwa miongo kadhaa, amezunguka dunia akieleza kwamba zina madini na vitamini kuliko kabeji tunayoipa heshima ya sahani. Leo managu iko kwenye supamaketi imefungwa kwa plastiki. Lakini kupanda kwa bei ya jani hakuokoi mbegu. Mara nyingine huihatarisha, maana kila mmea unaong'olewa ukiwa mchanga kwa ajili ya Nairobi ni mmea ambao hautafika kwenye ganda.

Kuhusu kujitegemea kwa chakula, neno ambalo vijana wa mjini tunalipenda kwa sasa, nina shaka moja. Tunaliwaza kama balkoni: mimi, magunia yangu manne ya sukuma, simtegemei mtu. Nina rafiki pale Amalemba ana dodo kwenye ndoo za rangi zilizokatwa, na ni nzuri kweli. Lakini mbegu ya dodo hiyo aliipata kwa mama mboga, ambaye aliipata kwa shemeji yake. Ndoo nne haziwezi kuhifadhi aina ya mahindi; haziwezi hata umbali wa mita 20. Mtu mmoja hawezi kujitegemea kwa mbegu. Kijiji kinaweza, ama mtaa uliojipanga, na sheria iliyokataza kupeana ilikuwa inakataza kitu hicho hasa, hata kama haikusema hivyo.

Mwaka 2016 watafiti Shawn McGuire na Louise Sperling walichapisha uchunguzi wa wakulima wadogo katika nchi sita, Kenya ikiwemo. Waligundua kwamba takriban asilimia 90 ya mbegu walizopanda zilitoka nje ya mfumo rasmi: kwa ghala zao wenyewe, kwa jamaa na majirani, na zaidi ya yote sokoni. Soko peke yake lilikuwa karibu asilimia 51. Takwimu hii hunichekesha kila nikiikumbuka, kwa sababu sokoni hakuna kibanda kilichoandikwa "mbegu". Kuna chakula tu. Sheria inatenganisha nafaka na mbegu kwa lebo, pakiti na leseni. Watu wanatenganisha kwa njia nyingine, na anayetaka kuandika upya kile kitenzi kilichofutwa Machakos angefaa kupanda matatu aje aisikilize.

Nenda soko la Kakamega mwezi wa pili, mvua ikinukia. Simama mbele ya mama mwenye maharagwe, umwambie unataka gorogoro moja. Hatakupimia mara moja. Atauliza, "Ya kupika ama ya kupanda?" Ukisema ya kupika, anachota hapo juu. Ukisema ya kupanda, anakutazama kidogo, anakuuliza unapanda wapi, na ukisema Malava anatikisa kichwa, hayo si ya huko, ngoja, anamwita mwenzake wa meza ya tatu. Huyo wa meza ya tatu anainama, anasukuma gunia la mbele, na kutoka chini ya meza anavuta mfuko mdogo wa nailoni uliofungwa fundo mbili.